Nilichosema Chini ya Sindano

Wiki iliyopita mliniacha nimechuchumaa katikati ya majani chai ya marehemu baba yangu, huko Tetu, karatasi ya wasifu wake imelowa jasho mkononi, na watu mia tatu wakiningoja kwenye kipaza sauti. Sikutoka. Nilikaa humo mpaka niliposikia wakiimba na udongo ukianguka juu ya jeneza.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: naitwa Murugi. Nina miaka ishirini na tisa. Nafuma sweta za shule kwa mashine, nyuma ya pazia, katika duka la sare mjini Nyeri. Naogopa watu. Siwachukii, nawaogopa tu. Mtu akinikazia macho, koo langu hujifunga na maneno hurudi chini. Mshauri mmoja wa chuoni aliwahi kuupa ugonjwa huo jina refu. Kwetu nyumbani unaitwa thoni, yaani aibu, na basi.

Baada ya mazishi, kaka yangu mkubwa, Ngatia, alinikuta kando ya tangi la maji nikiosha matope miguuni.

"Hata siku ya kumzika umemwaibisha," akaniambia.

Nilirudi Skuta, kwenye chumba ninachopanga, na Jumatatu nikaenda kazini.

Ningependa kuwaandikia kwamba nililia. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa ile sindano ya kung'olea jino, ila kwangu ganzi ilishika mwili mzima na haikuisha. Nilikula kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika. Siku moja nilijichoma kwa pasi nikajua kwa harufu.

Miezi miwili ikapita hivyo.

Kisha likanijia wazo la tatuu.

Sijui lilitoka wapi. Mimi si mtu wa tatuu. Mimi ni mtu wa kuvuka barabara ili nisimsalimie niliyesoma naye. Lakini nilikuwa nikipita chini ya jengo moja kila siku nikienda kazini, na dirishani, ghorofa ya pili, kulikuwa na bango: mkono uliochorwa jina la mtu. Asubuhi moja nikasimama. Nikajua papo hapo ningeandika nini.

Baba yangu alikuwa na maneno mawili aliyoniambia kila nilipowekwa mbele ya watu. Nilipokuwa darasa la nne, niliteuliwa kukariri shairi siku ya wazazi. Nikasimama mbele, nikaona vile vichwa vyote, nikasahau mstari wa kwanza. Baba alikuwa ametoka moja kwa moja kukama ng'ombe. Hakuingia ndani kwa sababu ya gambuti zake, viatu vya mpira vilivyojaa matope. Akasimama nje, dirishani, akanitazama, akayasema kwa midomo tu, bila sauti.

"Ndĩ haha."

Niko hapa.

Nilikariri nusu ya shairi. Hiyo nusu ndiyo hotuba yangu ndefu kuliko zote mpaka leo.

Kwenye harusi za watu alikaa karibu na mlango na kuniwekea kiti. Siku ya ubatizo wa mtoto wa Ngatia alinitafutia kazi ya kuosha vikombe nyuma ya nyumba ili nisisalimie wageni. Aliniita maitu, mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Maitu, ndĩ haha." Ndugu zangu walisema ananiharibu. Huenda kweli.

Basi nikamwandikia ujumbe mchora tatuu wa ghorofa ile, kwa nambari iliyokuwa kwenye bango. Jina lake Kim. Akajibu upesi: "Nipigie tuongee."

Nikakaa siku tatu bila kujibu. Kupiga simu kwa mtu nisiyemjua ni sawa na kuambiwa nivuke mto uliofurika. Siku ya nne nikaandika: "Siwezi kupiga simu. Naweza kuandika tu."

Akajibu: "Hakuna shida. Kuja Jumanne saa nane. Jumanne hakunanga watu."

Jumanne nikaomba ruhusa kwa tajiri wangu, Subira, mama wa Kiislamu ambaye kwa miaka sita amenifundisha kazi bila kunilazimisha kuzungumza na mteja hata mmoja. Nikapita chini ya lile jengo mara tatu. Mara ya nne nikapanda.

Nikasukuma mlango.

Chumba kilijaa wanawake.

Walikuwa saba au wanane, wasimamizi wa harusi fulani, wamekuja kupakwa rangi za kucha kwa msichana anayetumia chumba kimoja na Kim. Wote wakageuka kwa pamoja.

Nikarudi nyuma, nikashuka ngazi mbio. Nilikuwa nimefika chini niliposikia viatu nyuma yangu.

"Wee! Wewe ndio wa Jumanne?"

Nikasimama. Sikugeuka.

"Hao wamekuja bila kuniambia," Kim akasema. "Ni wa Shiku, wanamaliza. Usiende. Nakuletea kiti ukae hapa kwa ngazi. Wakiisha nakuita."

Kweli akaleta kiti. Nikakaa kwenye ngazi dakika arobaini, uso ukutani, wale wasimamizi wakinipita mmoja mmoja wakinukia rangi ya kucha. Aliponiita nikapanda na kumpa karatasi niliyokuwa nimeiandaa.

Akaisoma kwa sauti ya chini: "Jina langu ni Murugi. Nataka maneno mawili, hapa ndani ya mkono wa kushoto. Ndĩ haha. Tafadhali usiniulize maswali mengi."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu hivi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi.

"Sawa," akasema. "Swali moja tu. Hii alama juu ya i niweke?"

"Weka."

"Ni ya kwanza?"

Hilo lilikuwa swali la pili. Nikatikisa kichwa kukubali.

Shiku, yule msichana wa kucha, akasogea akiwa ameshika simu kwenye kijiti chake cha kuisimamisha. Hakuwa zaidi ya miaka ishirini na mbili. Mchangamfu, wa kupendeza, wa aina inayonitisha kuliko wote.

"Auntie, naweza shika video ya mkono? Mkono tu, uso hapana. Ni ya kutangaza kazi ya Kim."

Nikatikisa kichwa tena.

Nataka muelewe jambo hili, maana ndilo limenifikisha hapa. Mimi husema ndiyo ili mazungumzo yaishe. Nimekubali kununua sufuria nisizozihitaji. Nimekubali kuposwa mara moja, wiki mbili nzima, kabla Ngatia hajaenda kunikatalia. Shiku angeniomba figo siku hiyo, ningetikisa kichwa.

Kim akapangusa mkono wangu, akabandika karatasi ya mchoro, akaibandua. Maneno yakabaki, ya zambarau.

"Hapa panauma," akasema. "Ukisikia uchungu unaniambia nipumzike."

Mashine ikaanza kulia kama ya kinyozi.

Nikangoja uchungu. Haukuja. Niliona sindano ikiingia, niliona damu kidogo, akaipangusa. Ilikuwa kama anachora mkono wa mtu mwingine aliyeusahau mapajani mwangu.

"Uko sawa?"

"Ee."

"Husikii?"

"Hapana."

Akanitazama kidogo juu ya miwani, akarudi kazini. "Watu wakubwa wanalia hapa," akasema. "Juzi polisi mzima kutoka Kiganjo amelia." Akachora kidogo. "Nani alikuwa anakuambia hivi? Ndĩ haha."

"Baba."

"Yuko?"

"Alikufa. Mwezi wa sita."

"Pole sana. Alikuwa anaugua?"

Watu wote wameniuliza swali hilo, na wote nimewajibu neno moja: moyo. Neno hilo hufunga maswali. Lakini Kim hakuwa akinitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mkono, sentimita mbili za ngozi. Shiku alikuwa ameacha simu kwenye kijiti akaenda kufagia. Katika chumba kile hakukuwa na jicho hata moja usoni mwangu.

Nikafungua mdomo.

Hapa lazima niwaombe radhi. Katika sehemu ya pili ya hadithi hii niliandika kwamba baba alipoanguka nilikimbia kwa jirani nikapata gari. Mstari mmoja tu, mkausoma mkapita. Kukimbia nilikimbia. Hayo mengine niliwaficha, kama nilivyomficha kila mtu.

"Alianguka kando ya mashine ya kukata nyasi za ng'ombe," nikamwambia Kim. "Ilikuwa Jumamosi, nimeenda nyumbani kuwasalimia. Tulikuwa sisi wawili. Alishika kifua akakaa chini polepole, kama mtu anayetaka kupumzika. Akaniambia, maitu, niitie mtu."

"Aiya."

"Nikampigia kaka yangu. Hakushika. Jirani yetu Mzee Ndungu ako na pikapu, geti yake iko hapo tu. Nikakimbia. Lakini hiyo siku kulikuwa na ruracio, wamekuja kumposa msichana wake. Hema tatu. Watu mia mbili. Kulikuwa na mtu wa kipaza sauti, na kila mtu akiingia alikuwa anamtangaza jina."

Mashine iliendelea kulia. Kim hakuinua kichwa.

"Nikasimama kwa geti."

"Ukaita?"

"Sikuita. Sauti ilikataa. Miguu pia. Nilikuwa nimevaa gambuti, sweta imejaa mavi ya ng'ombe. Nilikuwa najiambia, sasa ingia. Sasa. Nikihesabu moja mpaka tatu, naingia. Nilihesabu mara nyingi sana. Nilikuwa naona pikapu. Ningeweza kuirushia jiwe."

"Halafu?"

"Halafu dereva akatoka kuchukua soda kwa pikapu. Akaniuliza, unalia nini? Hata sikuwa najua nalia. Tukaenda naye. Baba alikuwa bado anapumua. Tulifika hospitali akiwa bado anapumua. Nesi akaniuliza, ameanguka saa ngapi? Nikasema, sasa hivi tu."

Kim akazima mashine.

"Ulisimama kwa geti muda gani?"

"Simu iko na saa. Nilimpigia kaka saa nane na dakika kumi na nne. Nikampigia tena tukiwa tunampakia baba kwa pikapu. Saa nane na thelathini na tatu." Nikavuta pumzi. "Dakika kumi na tisa. Kwenda na kurudi ni dakika tatu."

Nje, chini barabarani, mtu alikuwa akitangaza bei ya parachichi. Kim akakaa na ile mashine mkononi. Kisha akasema, bado bila kunitazama usoni, na nadhani alifanya hivyo makusudi:

"Imebaki herufi tatu. Nimalize?"

"Maliza."

Akamaliza. Akanifunga mkono kwa karatasi ya nailoni, akaniambia niuoshe kwa maji ya vuguvugu, nisiukune. Mlangoni akasema, "Umefanya vizuri kuongea." Nikashuka. Nilitarajia kujisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyetoka kukata nywele.

Jumatano Subira aliona ile nailoni nilipokunja mkono wa sweta.

"Sisi kwetu hiyo hairuhusiwi," akasema, "lakini mkono ni wako. Imeandikwa nini?"

Nikamwonyesha. Akaitazama, akaenda zake kupanga soksi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Subira akafunua pazia langu. Haingii hivyo kwa kawaida, hukohoa kwanza. Alikuwa ameshika simu mbali na mwili wake, kama imemwagikiwa kitu.

"Mwanangu," akasema, "hii sauti si yako?"

Nikaona mkono wangu. Nikaona sindano. Chini yake maneno yalikuwa yakipita, meupe, na nyuma yake muziki wa huzuni, wa kinanda. Na juu ya muziki nikasikia mwanamke akisema: *nilikuwa najiambia, sasa ingia. Sasa.*

Sikuwahi kusikia sauti yangu ikizungumza muda mrefu hivyo. Ilikuwa sauti ya kawaida. Nilidhani ni mbaya zaidi.

"Watu wangapi?" nikauliza.

Subira akasoma. "Elfu arobaini na moja."

Watu mia tatu walinifukuza mpaka kwenye majani chai. Sasa walikuwa elfu arobaini na moja, na mimi nimekaa tu, kitambaa cha kijani cha shule fulani mapajani, nikitazama uzi uliokatika.

"Kaa huku nyuma leo," Subira akasema. "Usiende hata dukani. Chakula nitakuletea mimi."

Nikamwandikia Kim. Akajibu ndani ya dakika moja: "Sikujua ameweka. Naapa. Nimemwambia aitoe." Baadaye kidogo: "Ametoa. Lakini watu walikuwa wameshaisambaza."

Shiku akapiga simu mara nne. Sikushika. Akatuma ujumbe wa sauti, akilia.

"Auntie, sori, sori sana. Sikutaja jina yako. Nilionyesha mkono tu vile tuliongea. Niliisikiliza nikaedit nikalia, nikasema hii inaweza kusaidia mtu. Watu wanakuonea huruma, soma tu uone."

Nikasoma. Mwanamke mmoja aliandika kwamba na yeye ana hali hiyo, kwamba aliwahi kushindwa kumwita daktari mtoto wake akitapika mbele yake. Mwingine akaandika, angepiga kelele tu, ni ngumu wapi? Mwingine: huyu ni msichana wa Tetu, hiyo ruracio nilikuwa. Mwingine akaandika jina la baba yangu lote, majina matatu.

Mtu aitwaye Mwai, simjui, aliandika: mzee angekuwa hai.

Nilisoma mstari huo kama ninavyosoma vipimo vya sweta. Kifua, mabega, urefu wa mkono.

Jioni Ngatia alianza kupiga. Mara kumi na moja. Kisha akatuma maneno machache: "Dakika kumi na tisa. Kesho nakuja."

Ijumaa sikuenda kazini. Saa moja na nusu asubuhi mlango ukabishwa. Nikajua si Ngatia, maana yeye hugonga kwa ngumi. Nikafungua. Alikuwa mami.

Mama yangu ana miaka sitini na mitatu na hajawahi kufika kwangu bila kuniambia. Alikuwa amevaa kanzu yake ya kanisani na leso ya kazini, kama mtu aliyevaa gizani. Mkononi alishika chupa ya maziwa. Hata siku hiyo alileta maziwa.

"Kaa, mami," nikasema.

Akakaa kitandani, maana kiti changu kilikuwa na nguo. Nikawasha gesi, nikapika chai, mgongo nikiwa nimempa. Huwa tunazungumza Kikuyu. Hapa ninawaandikia kwa Kiswahili, lakini maneno ni yake.

"Jana nilikuwa kituo cha kupimia majani chai," akasema. "Wanawake walikuwa wamezunguka simu ya Monicah. Nilipofika wakainyamazisha. Nikawaambia, wekeni. Nikasikiliza yote, nimebeba kikapu mgongoni."

Nikaendelea kukoroga chai. Ilikuwa haihitaji kukorogwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mami?"

"Hayo uliyomwambia huyo mtu wa tatuu."

Nikamimina chai. Nikampa kikombe. Nikakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nikangoja aseme alichokuja kusema. Nilidhani nakijua. Nilidhani atasema kama Ngatia. Nilikuwa tayari. Mtu mwenye ganzi yuko tayari kwa chochote.

"Nionyeshe mkono," akasema.

Nikaukunjua. Akainama, akausoma polepole, midomo ikisogea. Alijua ni maneno ya nani. Akaweka kikombe chini bila kunywa.

"Murugi. Siku ile mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa Mzee Ndungu. Ulikuwa unasaidia kugawa chakula."

"Nilikuwa hema gani?"

"Sijui."

"Ile ya karibu na geti. Ya wageni waliotoka Kiganjo, upande wa bwana harusi. Nilikuwa nimeshika sinia ya mukimo." Akatazama mikono yake kana kwamba sinia bado iko. "Nilikuona."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Nilikuona ulipofika. Nilikuona na hizo gambuti na hiyo sweta. Nikasema moyoni, Mungu wangu, leo tena. Mbele ya hawa watu. Nikasema amekuja kunitafuta kwa sababu ya kitu kidogo, na hawezi kuingia, na nikienda pale wote watageuka wamtazame, wataniuliza maswali. Nikasema atachoka atarudi nyumbani."

"Mami."

"Ngoja. Kuna mwanamke alikuwa anakula. Mama wa heshima, kitambaa kizuri kichwani. Akaniuliza, yule msichana amesimama pale getini ni nani? Anaonekana kama ana shida."

Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Nikamwambia, simjui."

Jiko la gesi lilikuwa bado linawaka bila kitu juu yake. Nikainuka nikalizima. Nikakaa tena palepale.

"Nikampa mukimo. Nikageuka nikaenda hema nyingine ili nisikuone. Niliporudi hukuwapo, na pikapu haikuwapo. Nikashukuru Mungu umeenda." Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa imekauka kabisa, kama yangu. "Miezi miwili nimekusikia ukisema ulipata gari haraka. Nikajiambia, basi, labda hazikuwa dakika nyingi. Labda niliona vibaya. Mpaka jana, na kikapu mgongoni."

Nilimtazama. Nilijaribu kutafuta hasira ndani yangu, niliisaka kwa kweli, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Nilichopata ni picha tu: mimi nimesimama getini nikihesabu moja mpaka tatu, na ng'ambo, hatua ishirini, mama amenipa mgongo na sinia.

"Ngatia anajua?" nikauliza.

"Hajui. Hakuna anayejua. Yuko njiani, amepitia Kiganjo kuchukua gari la rafiki yake. Ndiyo maana nimetangulia."

"Unataka kumwambia?"

Akainuka kitandani, akaja akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yakalia. Akanishika kifundo cha mkono, chini kidogo ya nailoni.

"Wewe wameshakusikia," akasema. "Wamesema watakalosema, na wewe unaishi huku mjini, nyuma ya pazia. Hukutani nao. Mimi naamka nao. Naenda kanisani nao, napima majani nao. Mimi ndiye mjane wake. Nikisema, nitakaa wapi?"

"Mami, unaniambia nini?"

"Nakuomba. Ngatia akifika, akikuuliza kama kuna mtu mwingine alikuona pale getini, sema hapana."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mtu alikuwa ananiomba nifanye kile ninachokijua zaidi ya vyote. Ninyamaze.

Nikafungua mdomo kumjibu, na sijui hata leo ningesema nini, kwa sababu gari lilisimama nje. Mlango wa gari ukafungwa kwa nguvu. Tukasikia hatua kwenye kokoto, mtoto wa mwenye nyumba akiulizwa, "Chumba ya Murugi ni gani?"

Kisha ngumi. Mara tatu.

"Murugi! Fungua. Najua uko ndani." Kisha sauti yake ikabadilika, ikashuka. "Dereva wa Ndungu ameniambia kitu. Amesema hukuwa unatazama pikapu. Amesema ulikuwa unatazama mtu. Nataka kujua ni nani."

Mama yangu hakuachia mkono wangu.

Nikainuka naye, tukiwa tumeshikana hivyo, nikaenda kufungua.